Kofia Iitwayo Umeshakula

Shujaa mmoja aliwahi kufa vitani akiwa amevaa kofia ya chuma iitwayo Umeshakula. Jitu la mlimani lilimshushia rungu la utosi, kofia ikapasuka kama yai, na wenzake wakaandika hadharani kwamba mhunzi aliyemuuzia marehemu takataka ile atafutwe popote alipo. Mhunzi mwenyewe alikuwa palepale nyuma ya fuawe yake ya kugongea vyuma, anayasoma matusi neno kwa neno, mbavu hana kwa kicheko. Marehemu naye hakukaa sana na umarehemu wake. Alifufuka baada ya muda mfupi, kama ilivyo ada ya huko, akaenda kununua kofia kwa fundi mwingine.

Huko ni wapi? Ni ndani ya kompyuta, katika mchezo mmoja wa mtandaoni wenye falme, mazimwi na misitu inayosema, ambamo watu wasiopata kuonana uso kwa uso hukutana wakapigana bega kwa bega. Wengi huingia ili wawe mashujaa. Wachache, na hawa ndio watu wa ajabu kidogo, huingia wakatafuta kazi. Wanachimba madini, wanashona mahema, wanachemsha dawa, wanafua vyuma. Mtu ametoka kazini hoi bin taabani, anafika kwake, anaanza kazi nyingine isiyo na mshahara. Fundi wetu alikuwa mmoja wa hao.

Mchana alikuwa fundi wa miwani. Alifanya kazi chumba cha nyuma cha duka, kusikofika wateja, akisaga lenzi mpaka zikae sawasawa ndani ya fremu. Miwani ikitoka pale, mwenye duka ndiye aliyeipokea, akaifuta kwa kitambaa, akamvika mteja na kushukuriwa. Fundi alizisikia shukrani hizo kupitia mlangoni. Hakuwa na kinyongo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na maneno machache yakikosa wa kuyasikia huzidi kupungua. Kulikuwa na siku alizorudi nyumbani jioni akagundua kuwa tangu asubuhi hajasema zaidi ya "ndiyo" na "iko tayari".

Zamani nyumbani hakukuwa kimya hivyo. Wazazi walipotangulia mbele ya haki, yeye na mdogo wake wa kike walibaki wawili katika nyumba ile ya vyumba viwili, ghorofa ya juu kabisa, na kompyuta kuukuu waliyoinunua kwa jirani aliyekuwa anahama. Kompyuta moja, kiti kimoja, kwa hiyo mhunzi mmoja. Walimpa jina la Nyundo Mbili, wakagawana kazi kama watoto wanavyogawana kitanda. Kaka mtu alifua silaha: panga, mikuki na mashoka. Mdogo mtu alifua deraya, yaani mavazi ya vita: kofia, ngao na vifua vya chuma. Kaka alikuwa na subira. Alingoja chuma kiive barabara, ndipo agonge. Mdogo wake aligonga tu. Maelekezo hakuyasoma hata siku moja, maandishi yakijitokeza kwenye skrini aliyafuta kabla hayajamaliza kujipanga, akasema, "Wakitaka nijue, wataniambia tena." Kofia zake zilikuwa na mabonde, ngao zake zilikwenda upande, na alijisifu kwa kila moja.

Kisha akaolewa, akahamia mji wa mbali na mumewe. Fundi alimsindikiza mpaka kituoni akimbebea mabegi, akamtania shemeji yake kwamba mali ikishatoka dukani hairudishwi, wote wakacheka. Aliporudi alipika chakula cha watu wawili bila kufikiri. Alikila jioni ile, akakila na kesho yake.

Lakini mchezo haukujua kuwa mtu ameolewa. Nywila ilikuwa ileile, na mdogo mtu alikuwa nayo. Kwa kuwa mhunzi alikuwa mmoja, hawakuweza kuingia pamoja: akiingia huyu, yule hutupwa nje. Fundi angekuwa katikati ya kufua upanga, mara skrini inakuwa nyeusi na maandishi yanasema kuna mtu mwingine ameingia kwa jina lake. Mwingine angekasirika. Yeye alijiegemeza kitini akatabasamu, maana alijua ni nani, na alijua kuwa huko aliko yu mzima na ana nafasi ya kucheza. Akirudi baadaye, alikuta kofia mpya sandukuni mwa mhunzi wao.

Na hapo ndipo ilipoanzia ile desturi yao. Mchezo unamruhusu mhunzi kukipa jina kila anachokifua. Wengine huandika majina ya kutisha, Mnyonya Damu, Radi ya Jangwani, mambo kama hayo. Kofia ya kwanza aliyoiacha mdogo mtu iliitwa Umeshakula. Fundi aliisoma, akaelewa, akafua upanga akauita Viporo. Kesho yake akakuta ngao: Viporo Tena. Akajibu kwa mkuki: Sina Njaa. Ikaja kofia: Muongo Wewe. Simu walikuwa nazo, na mara mojamoja walipigiana. Ila kwenye simu kaka huyu alikuwa mgumu: "nzuri", "salama", "haya", "basi". Mbele ya fuawe alikuwa na jibu kwa kila kitu.

Ile Umeshakula aliiuza kwa mazoea, kama walivyokuwa wakiuza vyote, na mnunuzi wake yakamkuta yaliyomkuta. Fundi alicheka, ndiyo, lakini baadaye alijisikia vibaya, na si kwa ajili ya marehemu. Tangu hapo hakuuza tena hata kimoja. Alivipanga sandukuni vitu vyote alivyofua mdogo wake, pamoja na silaha alizomjibu nazo. Viporo Tena. Muongo Wewe. Mvua Huku Haikatiki. Shemeji Yako Anakoroma. Usinune. Nimekukumbuka Kaka. Nina Mimba Usimwambie Mtu. Hiyo ya mwisho ilikuwa deraya ya kifua, kubwa, imepinda kuliko zote, na fundi alikaa mbele yake akijifuta macho kwa kiganja. Hakumwambia mtu. Hata hivyo hakuwa na mtu wa kumwambia.

Mtoto akazaliwa, vitu vikaanza kuchelewa. Kofia ya mwisho iliitwa Mtoto Ana Mafua. Fundi akajibu kwa jambia: Mpe Maji ya Uvuguvugu. Jambia lile lilikaa juu ya rundo, wiki zikapita, miezi ikapita, hakuna aliyekuja kulisoma. Wala hakutupwa nje tena. Aliweza kufua jioni nzima bila kusumbuliwa, na hakuna kilichomsumbua kama hicho.

Mafua yenyewe yalishapona. Aliuliza kwa simu, akaambiwa mtoto hajambo, anatambaa, anakula kila anachookota. "Nitaingia, kaka," mdogo wake alisema. "Nikipata nafasi tu." Alisema kwa moyo safi. Mtu mwenye mtoto mchanga, hata nafasi ya kuchana nywele ni ya kuomba. Fundi alilielewa hilo vizuri sana, na kulielewa hakukumsaidia kitu.

Ndipo wenye mchezo wakatoa tangazo. Wahunzi wamekuwa wengi mno, walisema, na kila mmoja anajua kila kitu. Kwa hiyo kila mhunzi aliyefikia daraja la juu aende kwa mzee mkuu wa wahunzi, achague ubingwa mmoja: silaha au deraya. Upande atakaouchagua atafundishwa siri zake zote. Upande atakaouacha atausahau moja kwa moja, na kila kitu cha upande huo kilichomo sandukuni mwake kitayeyushwa kiwe chuma ghafi. Ukishachagua umechagua. Asiyechagua mpaka mwisho wa wiki hatafua tena kitu chochote.

Fundi alilisoma tangazo lile polepole, kisha akafungua sanduku akalitazama. Akichagua silaha, maneno ya mdogo wake yanayeyuka. Akichagua deraya, yanayeyuka majibu yake, na pamoja nayo ufundi wote alioujenga kwa subira yake. Alifikiria kuvipiga picha vile vitu. Akaona ni sawa na kumpiga picha mgonjwa kitandani ukijua hatoki, akaacha.

Kikosi alichokuwa akikifulia silaha kilikuwa na kiongozi, mwanamke wa sauti nzito waliyemwita Kamanda. Katika maisha ya kawaida alikuwa mwalimu wa hesabu, na wapiganaji wake aliwapanga kama wanafunzi. Yeye huzungumza kwa kipaza sauti, fundi huandika. Alimjia karakanani siku ileile.

"Fundi, usituangushe," alisema. "Panga zako hazina mshindani. Deraya tunaye mtu tayari."

"Bado nafikiria," fundi aliandika.

"Unafikiria nini? Njia mbili zilimshinda fisi, itakuwa wewe?"

"Na nikichagua deraya?"

"Nitasikitika. Mafundi deraya wawili siwezi kuwaweka, kwa hiyo nitatafuta mhunzi mwingine wa silaha. Usinielewe vibaya. Watu wanakupenda hapa."

Kama anapendwa, fundi hakujua. Alichojua ni kwamba jioni akiingia, watu wale humwuliza, "Fundi, u hali gani?" na kwamba hakuna kwingine anakoulizwa hivyo. Wengine walimwuliza kwa sababu wanataka mkuki, sawa. Lakini salamu ni salamu, hata ya mwenye shida. Kikosi kikimtoka, atabaki yeye na sanduku lake.

Alimwandikia mdogo wake ujumbe mrefu kwenye simu, akaufuta, akaandika mfupi: "Mchezo unataka tuchague, silaha au deraya. Mwisho wiki hii. Wewe unasemaje?" Habari ya kuyeyushwa hakuitaja. Angeitajaje? Aseme nimezitunza kofia zako mbovu zote kama bibi anavyotunza leso za ujana wake? Mtu mzima, na mvi zimeanza kidevuni. Simu ilionyesha kuwa ujumbe umesomwa. Jibu halikuja siku ile, halikuja kesho yake, na kesho kutwa vilevile.

Kazini mkono ukaanza kumkana. Alisaga lenzi ikapita kiasi, na mwenye duka, mama wa makamo asiyekosa utani, akaileta miwani mwenyewe mpaka chumba cha nyuma.

"Fundi, leo akili umeiacha wapi? Miwani ya watu inacheza kama jino la mtoto."

"Nisamehe, mama. Nitasaga nyingine."

"Kama ni mwanamke, mlete tumwone. Kama ni homa, nenda hospitali."

"Ni mdogo wangu," fundi alisema, na maneno hayo yalimshangaza yeye mwenyewe.

"Anaumwa?"

"Hapana. Mzima kabisa."

Mwenye duka alingoja maelezo mengine, hayakuja. Alimtazama kwa huruma ya mtu asiyejua anamhurumia nini. "Basi kama ni mzima, tushukuru," alisema, akarudi mbele kwa wateja wake.

Fundi akachukua lenzi mpya, akaifunga kwenye mashine. Pale, maji yakitiririka juu ya kioo na jiwe likizunguka, ndipo alipoamua. Atachagua deraya. Kikosi na kiende. Ataanza kujifunza upya kama kurutu, atafua kofia kwa mkono usiozoea, na mikuki yake yote iyeyuke, kwani alichokiandika yeye anakijua, hana haja ya kukisoma. Maneno ya mdogo wake hakuna awezaye kuyaandika mara ya pili, hata mdogo wake mwenyewe. Uamuzi ulipomkaa moyoni alijisikia mwepesi. Akaanza kupiga mluzi, mpaka mwenye duka akachungulia mlangoni kuhakikisha kuwa ni yeye. Lenzi ile ilikaa ndani ya fremu mara ya kwanza tu.

Alifika nyumbani jua bado liko dirishani. Hakuvua hata viatu. Aliwasha kompyuta, akaingia, na kitu cha kwanza kukutana nacho kilikuwa pongezi. Karibu kikosi kizima kilikuwa kimemwandikia.

"Hongera, bingwa wa silaha," alisema Kamanda. "Nilijua una akili."

Fundi alisikia bila kuelewa. Akatazama juu ya kichwa cha mhunzi wake, panapoandikwa jina. Nyundo Mbili, Bingwa wa Silaha. Akafungua sanduku. Sina Njaa ilikuwepo. Mpe Maji ya Uvuguvugu ilikuwepo. Silaha zote zilikuwepo, zinang'aa kuliko jana. Palipokuwa pa kofia na ngao palikuwa na mabonge ya chuma ghafi, yote ya ukubwa mmoja, hayana jina. Aliyafungua moja moja, kama mtu anayepekua mifuko ya koti alilokwisha kulipekua.

Aliumia, na ndani ya maumivu mlikuwa na hasira. Ni mtu mmoja tu duniani mwenye nywila ile. Miezi yote hii amekosa nafasi ya kuja kusoma jambia moja, leo amepata nafasi ya kuja kuteketeza kila kitu? Alichukua simu, akapiga, huku ameshaliandaa kooni neno atakalolianza nalo.

"Kaka." Sauti ilikuwa ya furaha, na nyuma yake mtoto alikuwa anapiga kelele za mchezo. "Umeiona zawadi yako?"

Neno lile la kooni likakwama. "Nimeiona," alisema.

"Mtoto kalala mchana leo, nikasema ni leo, nisipoingia leo basi tena. Nimeingia mbiombio, moja kwa moja mpaka kwa yule mzee mkuu wa wahunzi. Kanitolea maandishi marefu hayo, unanijua mimi, nani ayasome. Nikabonyeza silaha, nikatoka. Hata sandukuni sikuchungulia."

"Hukuchungulia."

"Huyu alishaamka, anataka dunia yote imsikie. Kwani uliniachia kitu?"

Fundi alitazama skrini. "Jambia tu. Nilikuambia umpe mtoto maji ya uvuguvugu."

Mdogo wake alicheka, kisha kicheko kikapungua. "Kaka, mimi nilijua utachagua deraya. Tulipokuwa wadogo mnofu ulinipa mimi, wewe ukaguguna mfupa, ukasema ndio unaoupenda, nami nikakuamini mpaka nilipopata mtoto wangu. Nikasema safari hii hapana. Awe bingwa wa kitu chake mwenyewe." Akavuta pumzi. "Na mimi kule sirudi, kaka. Nilikuwa nakuambia nitaingia, nitaingia, kumbe najidanganya mwenyewe kwanza. Sitaki uendelee kunitunzia kiti."

Hapa fundi aliweza kusema. Sentensi ilikuwa tayari, imekamilika: kofia zako zote nilikuwa nazo, na leo umeziyeyusha kwa kidole kimoja. Angeisema, na dada wa watu angelia, na kuanzia siku hiyo angebeba jambo lisilo na dawa, akiwa na mtoto kiunoni na sufuria jikoni. Fundi aliona jinsi mzigo ule ungekwenda kutoka kwake hadi kwa mdogo wake, mzima mzima, bila kupungua uzito. Hasira ikamtoka. Uchungu ulibaki, ila aligundua kuwa anaweza kusimama nao.

"Umenyamaza," mdogo wake alisema. "Nimekosea?"

"Hujakosea. Panga ndizo ninazozijua."

"Maana nilipotoka nikaanza kujiuliza. Yale madude yangu, si uliyauza?"

"Niliyauza."

"Yote?"

"Yote."

"Hata ile ya mimba?"

"Hiyo ndiyo iliyotoka haraka kuliko zote."

Mdogo mtu alicheka mpaka mtoto naye akacheka, bila kujua anachokicheka. "Lakini kaka, tuseme kweli, ni nani alikuwa ananunua vitu vibaya vile?"

"Kuna mtu mmoja." Fundi aliyatazama yale mabonge ya chuma. "Alikuwa anavinunua vyote. Kila ulipoleta kipya unamkuta mlangoni, anangoja."

"Masikini. Hana macho?"

"Anayo. Alivipenda vivyo hivyo vilivyo."

"Basi ukimwona, nisalimie sana."

"Salamu zimefika," fundi alisema.

Alimsikia mtoto akigongagonga kitu sakafuni, kijiko au kifuniko cha sufuria, na pumzi ya mdogo wake ikisita.

"Kaka," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Nipo."

Hakuuliza kitu kingine, wala simu hakuikata.